Kila Mtu na Mizani Yake

Juzi baada ya sala ya Isha tulikuwa tumeketi barazani hapa kijijini kwetu, upande wa Msambweni, tunakunywa kahawa, mazungumzo yakafika kwenye mwaka 2020. Mjomba wangu akasema kwa sauti ya kukata maneno kwamba maradhi yale ya korona hayakuwako kabisa, yalikuwa maneno ya redio. Kijana mmoja, mwalimu wa skuli, akamjibu kwamba yalikuwako sana, na waliokataa ni wale wasiosoma. Wakatazamana. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, kwa kuwa mwaka ule nilikuwa Nairobi, na hapa kwetu ilikwisha kujulikana kwamba watu wa Nairobi ndio wenye maradhi.

Sikuwajibu usiku ule. Nawajibu hapa, kwa idhini ya mhariri, maana ubishi kama huu nimeusikia Likoni, nimeusikia Ukunda, na kila mahali hukatwa kwa namna moja: huyu ana akili, yule ni mjinga, au, huyu ana imani, yule ni mwoga. Mimi nakataa mizani hiyo. Kwa niliyoyaona, hakuna mtu hata mmoja ambaye hakuwa na hofu mwaka ule. Ila kila mtu alikuwa na hofu yake, na hofu ya mwenziwe hakuiona.

Nianze na mahali nilipokuwa. Ukimtajia mtu wa pwani jina la Lindi, mawazo yake huenda kusini, kwenye bandari ya Tanzania, kwenye korosho na madau. Lindi niliyoishi mimi haina bahari. Ni kimoja katika vijiji vya Kibera, pale Nairobi, mwendo mfupi kutoka Makina ambako wazee wa Kinubi wana msikiti wao na makaburi ya babu zao. Nasema "kijiji" kwa sababu ndivyo wenyewe wanavyosema. Kibera yote imegawanyika vijiji, na kila kijiji kina wazee wake na mambo yake. Chumba changu kilikuwa cha udongo na mabati, futi kumi kwa kumi, na tulikilala watatu. Choo tulikwenda cha kulipia. Maji tulinunua kwa mtungi wa lita 20, na siku mfereji ukikauka bei ya mtungi ilipanda mpaka mtu akafikiri mara mbili kabla ya kutia udhu.

Mpenzi msomaji, weka picha hiyo mbele yako, kisha usikie amri. Tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya. Skuli zikafungwa. Matatu za abiria 14 zikaamriwa zibebe 8. Misikiti na makanisa yakafungwa milango. Ikaja kafyu, kuanzia tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Oga mikono kila mara, tukaambiwa, kaa mbali na mwenzako, kaa nyumbani. Redio ilikuwa ikisema hayo chumbani kwetu, na wakati ikisema, kiwiko changu kilikuwa kwenye ubavu wa mwenzangu.

Nitataja majirani zangu bila majina yao. Kulikuwa na mama aliyekaanga mandazi mlangoni pake tangu alfajiri. Wateja wake walikuwa vibarua waendao eneo la viwanda kwa miguu, na kafyu ilimpokonya saa zake zote mbili za biashara, ya alfajiri na ya usiku. Yeye aliniambia wazi kwamba korona hakuiogopa hata kidogo. Aliogopa mwenye nyumba, ambaye hufika tarehe 5. Kulikuwa na fundi cherehani, mtu wa makamo mwenye pumu, ambaye alikuwa akishona barakoa za vitambaa na kuziuza, na yeye mwenyewe aliiogopa korona hata akawa hapokei pesa mkononi ila uziweke juu ya kibao. Kulikuwa na kijana wa mjengo aliyecheka kila tulipoitaja, na kijana huyo huyo, ikifika saa kumi na mbili jioni, alikuwa wa kwanza kukimbilia ndani, kwa kuwa alikwisha kuonja rungu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa rungu la siku zile. Siku ya kwanza ya kafyu, pale feri ya Likoni, watu waliokuwa wanangoja kuvuka warudi majumbani walipigwa na kutiwa moshi wa machozi kabla hata saa yenyewe haijafika.

Sasa nani kati ya hawa watatu alikuwa mjinga? Fundi alipima pumzi zake. Mama wa mandazi alipima kodi ya nyumba. Kijana alipima mgongo wake. Na kila mmoja, kwa upande wake, alikuwa na haki, kwani wote watatu walijua nini kimewahi kuwaumiza na nini bado.

Wakubwa wetu hawakuliona hilo. Mwanzoni mwa Mei 2020 serikali ilipeleka wapimaji Kawangware, ambako ndugu yangu mdogo alikuwa amepanga. Mahema yakawekwa, madaktari wakakaa, watu wakaja wachache sana. Magazeti yakalaumu: ati watu wa Kawangware hawajui faida yao. Lakini siku zile mtu akikutwa na maradhi, au akidhaniwa tu amekutana na mgonjwa, hupelekwa karantini wiki mbili, na gharama ya karantini hulipa mwenyewe! Mtu apataye shilingi 400 kwa siku, akipata, apange foleni ili aambiwe anadaiwa makumi ya maelfu? Ilipotangazwa, siku chache baadaye, kwamba serikali ndiyo itakayolipa, hofu ilikuwa imekwisha kushika mizizi. Mimi naona watu wa Kawangware walipiga hesabu yao barabara. Aliyekosea hesabu ni aliyeweka bei.

Na tarehe 10 Aprili palikuwa na ugawaji wa chakula cha msaada pale Kibera. Watu wakasongamana mpaka wakakanyagana, moshi wa machozi ukafuata, wengi wakaumia. Wale walioambiwa wakae mita moja na nusu mbalimbali walikuwa wamebanana kifua kwa mgongo kwa ajili ya unga. Niliuona mkusanyiko ule kwa mbali nikarudi. Sikurudi kwa kuwa nina akili. Nilirudi kwa sababu wiki ile mama alikuwa amenitumia gunia la nazi na mihogo mikavu kwa lori la mizigo, maana malori yaliruhusiwa kupita hata barabara zilipofungwa. Mwenye muhogo chumbani ni rahisi sana kwake kutii sheria ya afya.

Hapo nimefika kwa mama, na hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Mwishoni mwa Machi alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, rudini nyumbani wewe na mdogo wako. Huko mmerundikana kama dagaa. Hapa kuna upepo, kuna kisima, kuna muhogo. Mkifa mtakufa kwenu." Kwake yeye hatari ilikuwa ni Nairobi yenyewe: watoto wake wawili wafie kwenye mabati, wazikwe na watu wasiowajua. Siku zile nusu ya Lindi ilikuwa ikifunga mizigo. Mwenye kwao Siaya alikwenda Siaya, mwenye kwao Kakamega alikwenda Kakamega, na redio ikiwaomba wasiende wasije wakawaambukiza wazee. Nauli zilipanda mpaka zikachekesha.

Mimi nilikataa kwenda. Nilikuwa na kikohozi kidogo, na nikamkumbuka mama na umri wake na sukari yake. Nilikumbuka pia yale tuliyofundishwa chuoni tangu utotoni, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alituusia tukisikia tauni iko katika nchi tusiingie, na ikitukuta katika nchi tuliyomo tusitoke kwa kuikimbia. Nikamweleza mama. Akanyamaza, kisha akasema tu, "Haya, Mungu akuweke." Nilijua hakuridhika. Toka siku hiyo nikawa namtumia mia tano, mia nane, kwani kutuma pesa zisizozidi shilingi 1,000 kwa simu kulikuwa hakutozwi ada. Na yeye akanitumia muhogo. Tukawa tunabadilishana hivyo, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliye hatarini.

Ndugu yangu alikwenda. Alinipigia kutoka kituo cha basi alfajiri ya Jumapili, tarehe 5 Aprili. "Kaka, mimi natangulia," akasema, kama msafiri wa Hija. Kesho yake jioni Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Na Jumatano yake Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa vilevile. Aliponea chupuchupu, au tuseme, alituponza chupuchupu, hutegemea unamwuliza nani.

Hapa kijijini walimwona akishuka kwenye matatu na begi lake, na kabla hajafika uani habari ilikuwa imefika. Wazee wakakaa. Mjomba wangu mdogo, ndugu yake mama, ndiye aliyesimama kidete. Alikuwa mvuvi, mtu wa madema na mishipi, mwenye kujua upepo na kutokwenda baharini kusi likikaza. Alisema huyu mtoto ni wetu, hatumfukuzi, lakini hatakanyaga uani kwa siku kumi na nne. Akapelekwa shambani, kwenye banda la makuti ambalo babu alikuwa akilalia kuwafukuza ngedere. Chakula kiliwekwa juu ya kibao chini ya mkorosho, mwekaji akaondoka, ndipo naye akaja kuchukua. Ndugu yangu alijiona kama mkoma. Mpaka leo akipita shamba lile hutema mate.

Lakini tazama uamuzi ule. Hakuna polisi aliyeuamua wala waziri. Watu wanaojuana walikaa, wakampa mtu wao mahali, wakampa chakula, wakamtenga bila kumlipisha hata senti. Nikiulizwa karantini njema niliyoisikia mwaka ule, nitaitaja hiyo ya chini ya mkorosho, juu ya uchungu wake wote.

Aliyeivunja ni mama. Usiku wa tatu mvua ya masika ilipiga, banda likavuja, na mama akachukua taa na mkeka akaenda kulala na mwanawe. Asubuhi wazee walipomjia juu aliwaambia, "Nimemzaa mimi. Nitamwogopaje?" Wazee nao wakamhukumu kama walivyomhukumu mwana: basi na wewe siku kumi na nne. Akakubali akicheka.

Wasomaji wa kike watanielewa haraka zaidi nikisema kwamba mama ni mwosha maiti. Miaka zaidi ya thelathini, mwanamke akifariki kijijini kwetu au vijiji vya jirani, ndiye anayeitwa. Siku ya tisa ya kutengwa kwake, shoga yake wa tangu usichana akafariki, kwa maradhi mengine ya siku nyingi. Walikuwa wamewekeana ahadi, kama wanawake wanavyowekeana, kwamba atakayetangulia ataoshwa na atakayebaki. Mama aliomba. Mjomba akakataa, tena kwa machozi. Shoga yake akaoshwa na wengine, na mama aliisikia sala ya jeneza kutoka bandani, miti ishirini mbali.

Ndugu yangu hakuugua, wala mama.

Nimeambiwa na wengine kwamba kisa hiki kinaonyesha hofu ilikuwa ya bure. Sikubali. Mjomba hakuwa na namna ya kujua. Alipima alichokuwa nacho: kijiji chenye wazee arobaini na ushei, zahanati isiyo na mtungi wa hewa, na kijana mmoja aliyetoka mji wenye maradhi. Mama naye alipima alichokuwa nacho. Ukiwauliza mpaka kesho hakuna atakayemshinda mwenzake, kwa kuwa hawakuwa wakipima kitu kimoja.

Wala msidhani tofauti hizi ni za kwetu tulio wanyonge wa elimu. Katika mwaka wa 18 wa Hijra tauni ya Amwas ilipoingia nchi ya Sham, Sayyidna Umar alikuwa njiani kwenda huko, akafika mahali paitwapo Sargh. Akawaita Muhajirina awatake shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana vilevile. Alipoamua kurudi, Abu Ubayda, naye ni katika waliobashiriwa Pepo, alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Na Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde moja la majani na jingine kavu. Halafu Abu Ubayda akarudi kwa jeshi lake, akafa kwa tauni ile. Umar hakumwita mjinga, wala Abu Ubayda hakumwita Umar mwoga. Sisi katika mwaka 2020 tulishindwa adabu hiyo. Misikiti ilipofungwa na Ramadhani ikapita bila tarawehe ya jamaa, nilisikia watu wazima wakikufurishana kwenye simu. Waliosema ufunguliwe walihofia dini isife mikononi mwao; waliosema ufungwe walitaja Makka yenyewe, ambako mwaka ule walihiji watu elfu moja hivi tu, wote wakaao ndani ya Saudia. Na ilipofunguliwa Julai ilikuwa kwa watu 100, saa moja tu, wala asiingie aliyezidi miaka 58. Mzee wa Kinubi aliyekuwa akiadhini pale karibu na kwangu Lindi alikuwa amevuka umri huo zamani. Alikuwa akisimama nje ya ukuta, mkeka wake kwenye vumbi, akimfuata imamu kwa sauti. Nilimwuliza kama haogopi. Alisema anaogopa sana, ndiyo maana yuko nje. Nikaondoka nikiwaza ana maana gani, kwa kuwa yaweza kuwa na maana mbili.

Na ile Lindi nyingine, ya bahari? Kule, kama Tanzania nzima, misikiti haikufungwa. Rais John Magufuli aliwahimiza watu wasali na wafanye kazi, watu wakajifukiza kwa majani, na mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu za wagonjwa zikakoma kutangazwa. Nina jamaa kule kwa upande wa baba. Walikuwa wakitucheka sisi tuliofungiwa, na mimi, nakiri, kuna Ijumaa niliwaonea wivu. Lakini hesabu ikikoma kutangazwa watu hawakomi kuugua. Januari 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad kule Zanzibar kilitangaza waziwazi kwamba kiongozi wao ameshikwa na korona, na tarehe 17 Februari akafariki. Pwani nzima ilishtuka. Alikuwa mtu ambaye hata mpinzani wake humwita Maalim. Mwezi mmoja baadaye Rais Magufuli naye akafariki, kwa maradhi ya moyo kama ilivyotangazwa. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya watu. Jamaa zangu wa Lindi walichanja baadhi, baadhi hawakuchanja, na hawajaacha kubishana.

Nakubali kwamba elimu ina neno lake hapa. Watafiti wa Kilifi walipozipima damu za wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020 walikuta Mombasa na Nairobi maradhi yamekwisha kuwaingia watu wengi kuliko hesabu za wizara zilivyosema. Na walipopimwa watu wa Kibera mwishoni mwa mwaka ule, zaidi ya 40 katika kila 100 walikuwa na alama yake ndani ya damu. Yaani yule kijana wa mjengo aliyecheka huenda alikuwa nayo huku akicheka, na mimi mwenye hadhari huenda nilikuwa nayo huku nikimwonya. Aliyesema hayako alikosea. Aliyesema Kibera itajaa maiti njiani alikosea pia. Kule vijana ni wengi, na maradhi yale yaliwatafuta wazee. Wazee walikuwa huku vijijini.

Nasema haya kwa kuwa maradhi mengine yatakuja. Pwani hii imeona kipindupindu cha Unguja cha mwaka 1869 na 1870, imeona homa ya 1918 iliyoshuka na meli Mombasa ikapanda na reli mpaka bara. Yakija, naomba wenye amri wafanye jambo moja kabla ya kupiga marufuku: waulize watu wanaogopa nini. Mwenye kuogopa kodi umhakikishie kodi, ndipo umwambie akae ndani. Mwenye kuogopa deni la karantini umwondolee deni kabla hujaweka hema. Na mwenye kuogopa maiti wake asioshwe, mfundishe mwoshaji wake, mpe glavu na vazi, aoshe. Hilo la mwisho kwetu Waislamu si dogo, na sipendi likatajwa mwisho kana kwamba ni nyongeza.

Nirudi barazani, kwa mjomba wangu mkubwa na yule mwalimu.

Yule mjomba mdogo, mvuvi, aliyekuwa mwoga kuliko wote mwezi wa Aprili, kufika Oktoba alikuwa amechoka kuogopa. Barabara zilikuwa wazi tangu Julai, hakuna aliyekufa kijijini, watu wakamtania kwa lile banda. Mwishoni mwa Oktoba akaenda Maulidi, akaenda harusi mbili, akala sinia moja na wenzake. Novemba akashikwa na kikohozi, pumzi zikambana, akapelekwa hospitali mjini, siku ya nne akafariki. Hospitali ikasema ni korona. Nyumbani wakasema ni kifua, alikuwa nacho tangu zamani. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi. Aliletwa jioni, na watu wa afya waliovaa nguo nyeupe toka kichwani mpaka miguuni. Tuliambiwa tuswali kwa mbali na tusizidi 15. Kamba ilikuwa imefungwa kutoka mnazi mpaka mkorosho, na nyuma ya kamba, peke yake, alisimama mjomba wangu mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea yule marehemu tangu wafiwe na baba yao. Hakumwosha. Hakumbeba. Hakushuka kaburini kumpokea. Alitupa udongo kutoka pale aliposimama, haukufika.

Mzee huyo ndiye aliyesema juzi barazani kwamba korona haikuwako. Mwalimu, ambaye si mtu wa hapa na amehamia mwaka jana tu, hakulijua hilo. Ndiyo maana nilinyamaza, nikamimina kahawa.